Bibi Harusi wa Barabara ya Kipushi

Constance Mujinga alikuwa amechapa maandishi ya watu wengine kwa miaka kumi na tisa kabla hajaandika sentensi moja ya kwake mwenyewe. Ana bureautique katikati ya mji wa Lubumbashi, hatua chache kutoka posta: chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na benchi refu la wateja. Watu humletea barua za kuomba kazi, malalamiko ya viwanja, kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo kikuu, hotuba za harusi na za matanga. Huchapa upesi kuliko wanavyoweza kumsomea, na akikuta kosa hulisahihisha bila kusema neno, mteja akaondoka akijiona msomi.

Benchi lile ndilo lililoanzisha mambo. Umeme wa Lubumbashi hukatika mchana kweupe bila kuaga, mashine zikanyamaza, na wateja wakaanza kutazama mlango. Constance alikuwa na dawa ya kuwazuia wasiende kwa jirani mwenye jenereta. Aliwasimulia harusi ya bibi yake.

Kila mtu wa ukoo wake aliijua hadithi hiyo. Mwaka wa 1957, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, msichana wa Kipushi jina lake Mwenya alikuwa aolewe na Désiré Mbuyi, kijana aliyetoka Kasai, karani wa mizigo kwenye stesheni ya reli. Misa ilipangwa saa nne asubuhi. Lori la kumleta bibi harusi likafa huko Kipushi kabla hata halijatoka uani. Mwenya hakulia wala hakungoja fundi. Alikunja gauni lake jeupe, akalitia ndani ya beseni, akalifunika kwa kikwembe, kitenge chake, akajitwika, akaanza kutembea. Kilomita thelathini. Alifika saa kumi jioni, akavaa gauni kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, akaolewa.

Constance alikuwa hodari wa kuisimulia. Alijua pa kunyamaza na pa kuinuka kwenye kiti. Wateja walicheka, wengine walipangusa macho, umeme ukarudi, kazi ikaendelea.

Mwezi wa tatu mwaka juzi, aliyekuwa kwenye benchi ni wakili mmoja, Maître Mutale, mwanamke mwembamba wa miwani, aliyekuja kufotokopi faili la kesi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Kisha akauliza, "Na padre alingoya?"

"Alingoya, Maître."

"Kutoka saa ine ya asubui paka saa kumi? Juu ya nini?"

Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuuliza.

"Sijue," Constance alisema.

Maître Mutale alifunga faili lake. "Mama Constance, mi niko avocat. Ile hadithi yako iko na tundu pa katikati. Utafute ya kuziba, kisha uiandike. Mi nitasoma."

Akaondoka bila fotokopi zake. Constance alibaki amezishika, kama mtu aliyeambiwa atasafiri kesho.

Jioni ile, nyumbani kwake Kamalondo, alichukua daftari jipya akaketi kwenye meza ya jikoni. Aliandika kwa Kifaransa, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa shuleni kwamba mtu huandika. Sentensi ya kwanza ilitoka hivi: "Nina heshima kubwa ya kuwajulisha kwamba bibi yangu aliondoka Kipushi." Aliisoma, akaifuta. Ya pili ikaanza na "Kuhusiana na safari iliyotajwa hapo juu." Miaka kumi na tisa ya barua za ofisi ilikuwa imekaa kwenye vidole vyake na haikutaka kutoka.

Mume wake, Ruben, mwalimu wa hesabu, alisoma juu ya bega lake. "Hapa unaandikia gouverneur?" aliuliza.

"Unyamaze."

"Nkambo yako alikuwa nasema Kifaransa?"

"Hapana. Bibi alikuwa najua tu 'bonjour' na 'pardon'."

"Sasa juu ya nini unamusemesha kama bourgmestre mu ofisi yake?"

Constance aligeuza ukurasa akaanza upya kwa Kiswahili, kile cha kwao, na bibi yake akafungua mdomo papo hapo. Alisema, "Hii kamio ilikufa. Mi siko nakufa nayo." Constance aliangua kicheko peke yake. Aliandika kurasa kumi na moja bila kunyanyuka. Maharage yaliungua, Ruben akala mkate na chai, akasema mkate ni mzuri.

Tangu siku hiyo alikuwa kama amenyweshwa kitu. Alitembea barabarani akitikisa midomo. Mteja mmoja aliyeleta barua ya kujiuzulu kazi alirudi akilalamika kwamba katikati ya barua bosi wake alikuwa amejitwika beseni. Constance aliomba msamaha, akaichapa upya, na alipokuwa akiichapa alicheka tena mpaka yule mtu naye akacheka, akasema labda aiache vile vile.

Tundu la Maître Mutale aliliziba siku ya Jumanne, mvua ikinyesha juu ya bati la bureautique na umeme umekwenda. Alijiuliza: babu yangu yuko kanisani, bibi harusi hajaja, padre anataka kufunga mlango aende kula. Mtu anamzuiaje padre? Jibu lilimjia zima zima. Désiré anaomba kuungama.

Akaandika sura nzima kwa mkono. Désiré anapiga magoti saa tano kasorobo, anaanza na dhambi zake za kweli: sukari aliyoiba kwa mama yake, wivu juu ya baiskeli ya rafiki, kicheko kilichomtoka kwenye msiba. Padre hawezi kumwacha mtu katikati ya toba. Saa saba dhambi zinakwisha. Désiré anaanza kuungama za majirani, kisha za stesheni nzima, mzigo kwa mzigo, kama karani anayesoma orodha. Saa tisa anaungama dhambi ambazo bado hajazitenda ila anaona zinakuja. Padre anamwuliza kwa upole kama amefika mwisho. Désiré anajibu, "Mon père, sasa njo ninaanza kukumbuka."

Constance aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa mikono, akacheka. Hakuna mtu aliyempa kisa hicho. Alikuwa amekitengeneza yeye mwenyewe, saa nane mchana, kutoka hewani, na kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia.

Furaha hiyo ilimkaa siku mbili. Siku ya tatu ikaja hofu. Babu alikuwa amefariki, bibi naye alifariki mwaka wa 2009. Sasa mjukuu amekaa anawavisha maneno na dhambi. Alimwuliza Ruben kama hiyo si kuwasingizia wafu.

"Ulikuwa pale?" Ruben alimjibu.

"Hapana."

"Basi kwanza utafute mwenye alikuwa pale. Kisha uchague ya kubakisha."

Aliyekuwa pale alikuwepo. Ila ilikuwa lazima kwenda Kipushi, na kwenda Kipushi halikuwa jambo la kupanda gari tu.

Katika miaka mibaya ya mwanzo wa tisini, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, mkoa wa Lubumbashi na Kipushi, ukoo ule ulipasuka. Ruphin, mdogo wa babu Désiré, alipanda treni na watoto wake, wajukuu na magodoro mawili, akaacha nyumba. Alirudi Lubumbashi baada ya miaka kumi na moja. Lakini hakukanyaga tena Kipushi kwa ndugu za shemeji yake, kwa sababu siku ile ya treni, alisema, hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumwambia kwaheri. Watu wa Kipushi nao waliposikia anavyosema walikasirika. Tangu hapo kila upande uliisimulia hadithi kwa namna yake, na hakuna aliyekuwa na harusi nzima.

Constance alipanda taxi-bus siku ya Jumamosi akiwa na daftari, kalamu tatu na mkate mkubwa. Alimkuta Katongo, mdogo wa mwisho wa bibi yake, mwanamke wa miaka sabini na tisa, akichambua majani ya muhogo ya kupika sombe mlangoni kwake.

"Nkambo, mi niko Constance. Mutoto wa mutoto wa Mwenya."

Katongo alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Uko na meno yake," alisema. "Ikala. Unisaidie haya majani."

Wakachambua. Constance akamweleza kitabu, kidogo kidogo, kisha kwa kasi, kisha kwa mikono miwili huku majani yakiruka. Alipofika mahali ambapo bibi harusi anatembea kilomita zote thelathini bila kupumzika hata mara moja, jinsi ukoo wote ulivyokuwa ukisema, Katongo aliweka kikapu chini.

"Nani alisema hakupumuzika?"

"Bantu bote, nkambo."

"Mwenya aliikala chini, mujukulu. Aliikala mu njia saa muzima."

Constance alitafuta kalamu akiwa ameishika.

"Tulikuwa batatu," Katongo alisema. "Mwenya, mama yetu mukubwa, na miye. Miye nilikuwa na myaka kumi na mbili. Tulifika kama pa katikati ya njia. Mwenya akatula beseni, akaikala ku majani. Akasema, siendi tena. Bantu ba hapa balikuwa balimuambia ule Mukasai atamubeba kule kwabo mbali, hatamuona mama yake tena. Alilia paka kikwembe ikalowana. Mama mukubwa akamubembeleza, akasali, akamukaripia. Bure kabisa."

"Na weye, nkambo?"

"Miye nilikuwa na njala. Tangu asubui sikukula kitu, na nilikuwa najua ku mariage kuko muchele na nyama ya ngombe. Nikamuambia, yaya, dada yangu, kama hautaki, unipe ile robe nyeupe, niende mi nioleweke, nikule muchele."

Katongo akaokota jani lililoanguka, midomo ikimcheza.

"Akanitazama. Ile robe ingenizunguka mara mbili. Akaanza kucheka. Alicheka vile mama mukubwa naye akashindwa kusali, akacheka. Kiisha akabeba beseni yake, akatangulia. Njo vile bibi yako alioleweka. Juu ya muchele yangu."

Constance alirudi Lubumbashi akiwa amekumbatia daftari kama mtoto mchanga. Ndani ya taxi-bus alimsimulia kisa kizima mama mmoja asiyemjua aliyebeba kuku, na mama yule alipofika kwake alikataa kushuka mpaka ajue kama bibi harusi alifika.

Sura ya bibi harusi kuketi aliiandika kwa wiki mbili. Alipomaliza alizipiga picha kurasa zake, akamtumia kwa simu binamu yake Princesse, mjukuu wa Kaku Ruphin. Kaku ndilo jina ambalo watu wa Kasai humwita babu au bibi. Princesse ana sauti nzuri ya kanisani na husema anachofikiri. Alituma jibu kwa sauti mara saba mfululizo.

"Constance, vraiment," ilisema ya kwanza. "Unaandika kama Nkambo Mwenya alitaka kumuacha kaku Désiré pale ku kanisa? Shiye tulikomaa na ile hadithi. Wakati tuliondoka na treni, kaku Ruphin alikuwa natuambia, mukumbuke ule mwanamuke, hakusimama mu njia, na minyi musilie. Sasa unasema alilia?"

Constance alisikiliza zote saba, akiwa amesimama. Kisha akapiga simu.

"Yaya Princesse, alilia. Nkambo Katongo alikuwa pale."

"Na kama alilia, sasa tutasema nini na batoto?"

"Tutasema aliogopa, aliikala, akalia, kiisha akasimama akaenda. Mi naona hapo njo anakuwa mukubwa zaidi. Mwenye haogopi, hata miye ningemuandika kwa ukurasa moja."

"Na ile ya muchele," Princesse aliuliza, "ni kweli?"

"Ni kweli."

Simu ikaleta kicheko ambacho Princesse alijaribu kukizuia na hakuweza.

Constance aliamua kitabu kisomwe kwanza mbele ya ukoo wote, pande zote mbili, Jumatatu ya Pasaka ya mwaka uliofuata, uani kwake Kamalondo. Alichapa nakala arobaini kwenye mashine yake mwenyewe, akazishona kwa mkono. Princesse akapewa kazi ya kumleta babu yake. Kaku Ruphin, miaka themanini na moja, alijibu kwamba hakai na watu wa Kipushi. Princesse akamwambia vizuri, akae nyumbani, ila kitabu kina sura nzima ya kaka yake akiwa kanisani, na watu wa Kipushi wataisikia na kuisimulia wanavyotaka. Kaku Ruphin akaomba koti lake.

Jumatatu ile watu walikuja mpaka viti vya jirani vikaisha. Upande wa Kasai ulikaa kushoto, upande wa Kipushi kulia, na katikati kukabaki njia tupu ambayo watoto peke yao ndio waliovuka. Kulikuwa na ugali wa bukari, samaki, sombe na madumu mawili ya kinywaji cha munkoyo. Hakuna aliyegusa. Constance aliyekuwa hana aibu mbele ya mteja yeyote alikuwa ameshikilia mlango wa jiko.

Ndipo Katongo akainuka na fimbo yake, akavuka njia ile, akasimama mbele ya Kaku Ruphin.

"Ruphin. Ile siku ya treni nilikuya ku gare na sufuria ya sombe. Bantu balikuwa mingi kabisa. Nilikutafuta paka mangaribi, sikukuona."

Kaku Ruphin aliinua uso.

"Ulikuya?"

"Nilikuya. Nilirudia nayo ku Kipushi na miguu ikiniuma. Nikakula miye moya, nikilia."

Mzee aliitazama mikono yake. Alikuwa akihesabu miaka, au akijaribu kuirudisha. Kisha akauliza, polepole, "Ilikuwa na karanga?"

"Ilikuwa na karanga."

"Bon," alisema Kaku Ruphin. "Basi siye babili tulipoteza." Akasogea kwenye benchi ili Katongo apate nafasi. Princesse aligeuka ukutani akapenga kamasi, na akina mama wa pande zote mbili wakakimbilia sufuria kana kwamba mtu amepiga filimbi.

Constance alisoma baada ya watu kula. Ukurasa wa kwanza aliukimbiza, ukurasa wa pili akatulia. Lori lilipokufa watu walipiga makofi. Bibi harusi alipoketi kwenye majani, upande wa kushoto ulikaza midomo, na shangazi mmoja akanong'ona, "Haikukuwa vile." Ilipofika mahali pa mchele, Katongo alikuwa tayari ameanza kucheka peke yake, naye ana kicheko kinachopanda kama maji ya chemchemi, basi watu wakacheka kwanza kwa ajili yake, kisha kwa ajili ya mchele, na yule shangazi akacheka kuliko wote.

Halafu ikaja sura ya maungamo. Constance aliisoma bila kuinua macho. Alipomaliza orodha ya kwanza, Kaku Ruphin aliinua mkono.

"Haikukuwa sukari," alisema. "Ilikuwa maziwa ya poda."

Constance alisimamisha kidole kwenye mstari. "Kaku, unasema?"

"Désiré aliiba maziwa ya poda. Sukari ni miye."

"Kaku, mutanisamehe. Hii chapitre mi nilibuni. Hakuna muntu alinielezea. Niliitosha mu kichwa yangu, siku ya Jumanne."

Kaku Ruphin alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa. "Ulibuni? Mujukulu, mi nilikuwa mutumikizi wa misa. Nilikuwa na myaka kumi na ine. Mi njo nilikuwa napeleka maji kwa padre, glasi ya kwanza saa sita, ya pili saa munane. Padre aliniambia, huyu kaka yako iko na dhambi sana."

"Lakini kaku..."

"Na ile ya wivu ya baiskeli ni kweli. Baiskeli ilikuwa ya Mulenga."

Ua lote likavuma. Mzee mwingine wa upande wa Kasai alikumbuka kwamba alisikia jambo hilo kwa mama yake. Binamu mmoja akasema hata yeye. Wa Kipushi wakadai kwamba bibi Mwenya alikuwa akimtania mumewe kila Kwaresima juu ya mambo ya kuungama. Constance alisimama na kurasa mkononi. Alijua hakika kwamba alikitengeneza kisa kile mvua ikinyesha. Alikumbuka hata kalamu. Halafu akajiuliza kama aliwahi, akiwa mtoto wa miaka minne au mitano, kulala nyuma ya kiti wakati wakubwa wakizungumza, neno likamwingia bila yeye kujua. Akajiuliza pia kama Kaku Ruphin alikuwa akiikumbuka siku ile au akiikumbuka sura aliyoisikia dakika mbili zilizopita. Hakupata jibu, na hakuna aliyemngoja alipate. Walikuwa wakipiga kelele asome dhambi za stesheni.

Akasoma, akicheka, akipoteza mstari, akiupata tena. Bibi harusi alipoingia kanisani na vumbi mpaka magotini chini ya gauni jeupe, na Désiré akatoka kwenye kiti cha maungamo akichechemea kwa sababu magoti yalikuwa yamekufa ganzi, Ruben, ambaye alikuwa amesikia sura hiyo mara tisa, alikuwa wa kwanza kusimama.

Nakala arobaini ziliisha kabla ya watu kuondoka. Wiki iliyofuata Constance alichapa nyingine. Maître Mutale alisoma yake kwa siku moja, akaja nayo bureautique akiwa ameweka alama kwenye koma tatu, na akasema tundu limezibwa. Alipoulizwa kama anaamini kwamba ilitokea vile, alisema njia ina shahidi wake na kanisa lina shahidi wake, na yeye ameshinda kesi kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Mwezi wa sita Kaku Ruphin alitaka kwenda Kipushi. Hakueleza sababu. Alivaa koti lile lile, akachukua nakala yake ya kitabu, na Constance na Ruben wakampeleka kwa gari la rafiki. Katongo alikuwa amepika sombe. Walipomaliza kula, mzee akasema anataka kuona mahali bibi harusi alipoketi.

Waliendesha wakirudi upande wa Lubumbashi mpaka Katongo alipogonga kioo. Wakashuka. Katongo alitembea na fimbo yake hadi kwenye majani kando ya barabara, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaketi juu ya jiwe.

"Ni hapa," alisema.

Kaku Ruphin alikuwa ameenda mbele hatua thelathini hivi. Alikuwa amefungua kitabu, akisoma akiwa amekiweka mbali na macho. "Haiko pale," aliita. "Hapa banaandika, 'mahali barabara inaanza kushuka'. Barabara inaanza kushuka huku."

"Ruphin, mi nilikuwa pale. Weye ulikuwa ku kanisa."

"Iko mu kitabu. Ukurasa ya makumi ine na tatu." Naye akakunja koti lake, akaliweka chini, akaketi juu yake, ameelekea barabarani.

Malori ya mgodi yalipita yakirusha vumbi. Kila lilipopita mazungumzo yalikatika, kisha yakaendelea pale pale, Katongo akisema mteremko haukuwepo siku zile, Ruphin akisema mteremko hauwezi kuzaliwa. Hakuna aliyekubali kuinuka. Constance alisimama katikati yao kwenye majani, ameshika mbavu kwa kicheko, machozi yakimtiririka, na Ruben alipomwuliza nani yuko sahihi akazidi kucheka.

"Constance," Kaku Ruphin aliita. "Umuambie."

"Umuambie yeye," Katongo aliita kutoka upande wa pili. "Na umuulize kama iko na njala. Mi nilibeba mikate."

Mzee akafunga kitabu, akachukua koti lake, akaanza kupanda kuelekea kwenye jiwe la Katongo, akisema kwa sauti kubwa kwamba anakuja kwa ajili ya mikate tu.